MTARO SI MALI YA MTU MMOJA

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Ushirika wetu unasema wazi: huu mtindo wa kila mtu kuchimba mtaro wake na kuumwagia mlangoni kwa jirani ni ubinafsi, na ubinafsi ni adui wa kijiji. Wa juu anajisifu, "Kwangu pamekauka." Sawa bwana, lakini maji hayakufa. Yamehamia kwa wa chini.

Wengine wanasema mvua imezidi, ni kazi ya Mungu. Haya, tupige hesabu. Mvua ya milimita 50 juu ya bati la mita 10 kwa 8 hutoa lita 4,000. Nyumba 100 hutoa lita 400,000, yaani mapipa 2,000! Zamani hapo palikuwa shamba, udongo ukayanywa. Leo ni bati na uwanja uliokanyagwa.

Na nyumba zinaongezeka. Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu 97,562. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Wanatafuta viwanja hadi huku kwetu. Karibuni sana. Tunachopinga ni kuwauzia njia ya maji. Kiangazi muuzaji anasifu kiwanja. Januari mnunuzi anabeba godoro kichwani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayeuza hapo anauza balaa.

Ati tungoje serikali? Barabara kuu ni ya TANROADS, na za vijijini ni za TARURA tangu 2017. Makalavati tutawadai, tena kwa barua. Lakini kalavati lisilo na mtaro mbele yake linamwaga maji shambani kwa mtu. Mtaro upite wapi ndani ya kijiji, hilo tuliamue wenyewe katika Mkutano Mkuu.

Basi tunataka hivi:

1. Mtaro mkuu uanze kuchimbwa chini, maji yanakotokea, ndipo upande juu. Ukianza juu, unamfurikisha wa chini.

2. Kila mwenye kiwanja kwenye njia ya maji aachie nafasi. Viongozi waanze, sisi wa ushirika tukiwemo. Asiyeridhika aseme mkutanoni, siyo kilabuni.

3. Kingo zipandwe majani, penye mteremko mkali pajengwe ngazi za mawe. Kutupa taka mtaroni marufuku.

4. Kazi iishe kabla ya mvua za Novemba. Kila kaya itoe mtu na jembe.

Ndugu, mahindi yetu sote yamo ghala moja. Maji yakiingia hayaulizi gunia hili la nani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno yametosha, sasa majembe!

Sisi, Kamati ya Ushirika