Nta ya Motokaa na Uso wa Gitaa

Kijana aoshaye pikipiki pale Salamabila hulitazama gitaa la kwaya lililofifia, kisha hulitazama kopo la dawa ya kung'arishia lililo mkononi mwake, akawaza: kama chuma kimepata uso mpya, mti utakosaje? Wazo hilo si la kipumbavu. Kwa habari ya mavazi, gari na gitaa ni ndugu tangu zamani.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walifika Unguja kununua sandarusi iliyochimbwa Mrima, nayo ikapikwa vanishi iliyosifiwa sana na wapaka magari ya farasi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilitoa rangi iitwayo Duco, iliyofanyizwa kwa nitroselulosi. Rangi za kale zilihitaji siku nyingi kukauka. Hii ilikauka kwa saa chache tu. Viwanda vya motokaa viliikimbilia, na mafundi wa magitaa wakaipokea vilevile. Hata Fender ilichagua baadhi ya rangi za magitaa yake katika orodha za rangi za magari!

Mbona basi twamwambia kijana yule angoje? Kwa sababu bati la gari halipasuki kiangazi kikija, lakini ubao wa gitaa hupasuka. Dawa nyingi za magari zina silikoni, mafuta yasiyokauka wala kuoza, nayo hupenya katika kila ufa mdogo. Siku fundi atakapotaka kuunga ufa huo, gundi haitashika. Akipaka vanishi mpya, itajikusanya na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Gitaa lililonunuliwa kwa michango ya Wakristo na kuletwa kwa safari ndefu kutoka Bukavu au Kalemie laweza kukosa tiba kwa ajili ya mng'ao wa Jumapili moja.

Tena dawa nyingine zina chembe za kusugulia, ambazo huondoa mikwaruzo kwa kuula uso wenyewe. Juu ya vanishi nene na ngumu ya poliyesta au poliyurethani, ambayo magitaa mengi ya viwandani huvaa siku hizi, dawa laini isiyo na silikoni yaweza kutumika, polepole, kwa mkono wala si kwa mashine, baada ya kujaribiwa mahali pasipoonekana. Vanishi nyembamba itatoboka hata mti uonekane. Na gitaa lililofanywa makusudi lising'ae litapata mabaka yanayometameta, nayo hayaondoki kwa urahisi.

Spiriti isikaribie gitaa la kale lililopakwa shelaki, maana huiyeyusha. Tina nayo huiyeyusha nitroselulosi. Magitaa yanayochongwa na mafundi wetu wenyewe, yasiyo na vanishi kabisa, yasipakwe nta ya gari hata kidogo: mti mtupu huinywa na kubaki na madoa. Ni vivyo hivyo na ubao wa vidole chini ya nyuzi, ambao mara nyingi hauna vanishi.

Kwa kweli, kinachofifisha gitaa la kwaya mara nyingi ni jasho, mafuta ya mikono na vumbi la barabara tu. Twaa fulana kuukuu ya pamba, iliyofuliwa vizuri, isiyo na mshono wala kifungo. Kwanza pangusa vumbi bila kukandamiza, kwa maana mchanga ndio unaokwaruza. Kisha puliza pumzi ya kinywa juu ya doa, ukafute. Likikataa, lowesha pembe ya kitambaa kwa maji yenye sabuni kidogo, ukamue sana, ufute, na papo hapo ukaushe kwa kitambaa kingine. Ubao wa vidole ungojee siku ya kubadili nyuzi, upate kufikiwa wote.

Kopo lisiloeleza lina nini ndani yake libaki kwa pikipiki.