Risiti ya hospitali usifungie korosho!

Najua wikiendi inanukia na akili yako iko Shangani ufukweni, lakini leo nipe dakika chache tuongee habari za mkwanja. Tena mkwanja wako mwenyewe, ambao watu wa Mtwara tunautupa hivi hivi.

Ngoma iko hivi. Bodaboda inamgonga mtu barabara ya Mikindani, mguu kwisha kazi. Anakimbizwa Ligula, na mambo yakiwa mazito anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Bili inaanza kupanda: picha, damu, dawa, vyuma vya mguuni. Nani analipa? Ndugu! Mjomba anaitwa kutoka Newala, kikao kinakaa, mikorosho inawekwa rehani. Msimu ukifika, korosho za babu yenu anaokota mtu baki.

Sasa sikia kasheshe. Dereva anakuja na wazee wake, pole nyingi, noti chache. "Jamani, tuyamalize kindugu." Inaandikwa karatasi kwamba majeruhi hana madai tena, mikono inapeanwa, kwisha. Mtaani kwetu kuna kijana aliisaini karatasi ya namna hiyo kwa laki moja, wakati mjomba wake kashatoboka zaidi ya milioni. Kusamehe ni uungwana, sikatai. Lakini aliyesamehewa pale ni kampuni ya bima, ambayo hata pole haikuleta!

Usishangae. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inataka gari au pikipiki ya raia ikiingia barabarani iwe na bima ya kumlipa mtu wa tatu anayeumizwa. Huyo wa tatu ndiye wewe uliyelala wodini. Kwa hiyo usimkabe yule kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, mfukoni hana kitu. Chukua namba ya pikipiki. Mtandao wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, utakuonyesha kama ina bima na ni ya kampuni gani. Na wewe abiria, ujue kwamba pikipiki ya abiria inatakiwa iwe na bima ya biashara. Ikiwa na ya binafsi, siku ya madai jiandae kwa longolongo.

Kule Marekani, majimbo mengi yana sheria inayoipa hospitali haki juu ya fidia yako. Inakutibu, halafu pesa ya ajali ikitoka inachukua chake kwanza, wewe unafuata. Hapa kwetu hospitali inadai chake dirishani, kwa hiyo aliyeikopesha ajali yako ni mjomba. Na mjomba hana sheria kama ile ya kumlinda. Anachokitegemea ni karatasi tu.

Ndiyo maana nasema risiti ni mali. Gharama ulizotumia lazima uzitaje na uzithibitishe moja moja. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo katika uamuzi wa mwaka 1992. Ukisimama ukasema "tulitumia hela nyingi sana, mheshimiwa", umeliwa.

Basi fanya hivi. Mgonjwa atibiwe, huku ndugu mmoja akimbilie polisi kuchukua PF3, ambayo polisi anajaza sehemu yake na daktari yake. Baadaye fuatilia PF90, ripoti ya polisi ya ajali yenyewe. Kila risiti iandikwe jina la mgonjwa, hata ya bajaji ya kwenda kliniki. Usisaini "sina madai" mguu ukiwa bado kwenye plasta, maana hujui bili itaishia wapi. Na usilale, maana kesi ya madhara kama hayo ina miaka mitatu tu.

Kama uliumia ukiwa kazini, kiwandani au kwenye lori la bosi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015. Huo unalipia na matibabu. Mwambie bosi atoe taarifa, asikuzungushe.

Haya, mimi nimemaliza. Tafuta bahasha leo, weka karatasi zako humo, na bahasha mpe mama atunze. Siku fidia ikitoka, kabla hujanunua simu mpya, kakomboe mikorosho ya mjomba. Tukutane wiki ijayo, wazima!