Udongo Wetu na Chumvi Tunayonunua



Mkulima wa Isansa akitaka kujua hali ya shamba lake hutazama majani. Mahindi yakigeuka manjano, anajua kwamba yana njaa ya mbolea. Lakini upo upungufu mmoja wa udongo ambao majani hayausemi kamwe, nao ni upungufu wa madini joto, yaani iodini. Mahindi, maharage na kahawa hustawi bila madini hayo, binadamu hawezi. Basi shamba laweza kujaza ghala mwaka baada ya mwaka, na mtoto anayelishwa kutoka ghala hilo akapungukiwa.

Katika nyanda za juu, mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha madini joto kutoka katika udongo na kuyapeleka mitoni, na hatimaye baharini. Samadi haituokoi, kwa kuwa ng'ombe naye amekula nyasi za ardhi ile ile. Mbolea ya dukani nayo hutengenezwa kwa ajili ya mmea.

Mwaka 1965 Dakta Michael Latham alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kule Ukinga, katika milima ya Makete ya leo, ambako rovu lilikuwa limeenea mno. Hata hivyo, uvimbe wa shingo ni ile sehemu ya ugonjwa inayoonekana tu. Madhara makubwa hutendeka tumboni mwa mama: mimba huharibika, mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa kiziwi au mwenye mtindio wa ubongo. Wapo pia wanaoonekana wazima kabisa, ila darasani hushika mambo kwa shida. Hao huitwa wavivu, na huchapwa. Huo ni udhalimu, hata kama aliyeshika fimbo hakujua.

Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika sana. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kutaka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu tajiri na maskini huila kila siku, na kwa kiasi kisichotofautiana sana.

Hapo ndipo penye shida yetu. Chini yetu, katika bonde la Rukwa, iko Ivuna, ambako watu walichemsha maji ya chumvi kwa karne nyingi. Wanaakiolojia walichimba huko mwaka 1966 na kukuta mabaki ya kazi hiyo ya kale. Ni urithi wa heshima. Lakini chumvi ya kuchemshwa, itoke huko au kwingineko, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Chumvi ya kupimwa kwa kopo gulioni ndiyo rahisi, na mwenye fedha kidogo huichukua hiyo. Hatumlaumu mama anayeinunua, wala mchemshaji mdogo asiye na mtaji wa vifaa. Mfanyabiashara anayeandika "madini joto" juu ya mfuko usio nayo, huyo tunamlaumu bila kusita.

Nyumbani, chumvi ifunikwe, iwe mbali na jua, moshi na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Wala mtu asidhani kwamba akizidisha chumvi atapata afya zaidi. Atajitafutia shinikizo la damu. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250, kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho.

Tunapendekeza kila jumuiya ndogondogo imwombe mhudumu wa afya dawa ya kupimia chumvi. Kila nyumba ilete kijiko kimoja kutoka jikoni, pamoja na jina la duka ilikonunuliwa. Tone moja latosha: chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya buluu au zambarau, na isiyo nayo hubaki nyeupe. Orodha ya maduka yaliyouza ile iliyobaki nyeupe ifikishwe kwa afisa afya wa kata.