Kabla Ununue Laptopu Mpya, Jaribu Terminali

Wasee, wacheni kulaumu mashine. Excel huishia mstari wa 1,048,576, hata kama laptopu yako ni ya bei gani. Uingereza mwaka wa 2020, visa 15,841 vya Covid viliachwa nje ya hesabu juu faili za Excel za muundo wa zamani zilijaa. Waliokuwa karibu na hao wagonjwa wakachelewa kuambiwa.

Sasa fungua terminali. `wc -l data.csv` inahesabu mistari. `head data.csv` inakuonyesha kumi ya kwanza. `grep Kisumu data.csv` inatoa ya Kisumu pekee. Hazibebi faili yote kwa mpigo, so RAM ya 4GB inatosha. Na ni za bure.

Ziweke kwa skripti moja, mwenzako arudie kazi yako. Ukibonyeza-bonyeza tu, nani atajua ulifanya nini?