Likizo ya Uzazi Isimsahau Aliyepoteza Mimba

Katika mashamba ya chai ya Bomet na Kericho, mchumaji aghalabu hulipwa kwa kilo. Asipoonekana shambani asubuhi, jioni hana kitu mizanini. Si ajabu basi kwamba mwanamke ambaye mimba yake imeharibika hurejea kazini kabla ya juma kwisha, kikapu mgongoni, ilhali mwili haujapona wala moyo haujatulia.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 29, humpa mwajiriwa wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Hilo lilistahili kushangiliwa, kwani sheria ya 1976 ilimpa miezi miwili tu, tena ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka. Walimu walio chini ya TSC nao walipata siku 120 katika mkataba wa 2021. Hata hivyo, ukikisoma kifungu hicho chote hutaona neno lolote juu ya mimba iliyoharibika. Aliyepatwa na msiba huo huachiwa likizo ya ugonjwa ya kifungu cha 30, ambayo kiwango chake cha chini ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kwa mwaka mzima. Ikiwa aliugua malaria mwezi Machi, yamkini amekwisha kuzimaliza.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na naona lugha yenyewe imechangia. Uzazi hutokana na kuzaa. Ambaye hakupata kumbeba mtoto mikononi huonekana hana haki na neno hilo. Isitoshe, watu husema mimba "imetoka", na kutoka na kutoa hutengwa na konsonanti moja tu. Katika nchi ambamo kutoa mimba ni kosa la jinai, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika Katiba ya 2010, mwanamke huogopa kumpelekea mkubwa wake cheti cha daktari asije akashukiwa. Hunyamaza, akadai ni tumbo.

Jirani zetu Waganda, ambao pia wana chai yao kule Fort Portal, walilitaja jambo hili waziwazi. Sheria yao ya Ajira ya 2006 hutoa siku 60 za kazi, na angalau wiki 4 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. India imetoa wiki 6 tangu 1961.

Waajiri watalalamikia gharama na udanganyifu. Kuhusu udanganyifu, sheria tayari humruhusu mwajiri kudai cheti cha hospitali. Kuhusu gharama, mchumaji anayevuja damu atachuma kilo ngapi?

Wapo pia wanaoitafuta mimba kwa matibabu. Watoto wa kwanza nchini waliotungwa maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006, lakini matibabu hayo hudai kwenda kliniki mara kwa mara kwa majuma kadhaa, na mwalimu wa Sotik hana budi kuzitumia siku 21 za likizo yake ya mwaka.

Na baba je? Mtoto akizaliwa, sheria humpa wiki 2. Mimba ikiharibika hapewi hata siku moja ya kukaa na mkewe.