Haki ya Mzazi Isiyodaiwa Hurudi Hazina

Wanachama wenzetu, yako mambo mawili ambayo karani huyajua tangu siku zake za kwanza ofisini. La kwanza, Serikali haisahau kudai kilicho haki yake. La pili, Serikali haina desturi ya kumfuata mtu nyumbani kwake ili kumpa kilicho haki yake yeye. La kwanza twalisikia sote kila mwisho wa mwezi. La pili ndilo twapenda kulinena leo, maana lawahusu wazazi, nalo hupoteza fedha nyingi pasipo mtu kuibiwa hata senti moja.

Tutazame kwanza habari ya Marekani, kwa kuwa ndugu zetu wengi wamehamia huko. Mwaka 2021 Serikali ya nchi hiyo iliongeza nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 6 mzazi aliweza kupata hata dola 3,600, na kwa mtoto wa miaka 6 hata 17, dola 3,000. Tena kwa mwaka ule mzazi asiye na mapato hakunyimwa: ikiwa kodi yake ilikuwa ndogo kuliko nafuu, baki alipewa mkononi. Nusu ya fedha ililipwa kidogo kidogo kila mwezi, tangu Julai hata Desemba. Nusu ya pili ilimngoja apeleke hesabu yake ya mwaka. Hapo ndipo wengi walipokwama. Mzazi maskini, ambaye sheria haikumlazimisha kupeleka hesabu kwa sababu ya uchache wa mapato yake, alidhani hana neno na ofisi ya kodi. Kumbe ofisi ile ndiyo iliyokuwa na fedha zake. Alipewa muda wa miaka mitatu. Tarehe 15 Aprili 2025 muda ulikwisha, na fedha za mwaka ule zilizokuwa hazijadaiwa zikabaki kuwa mali ya Hazina.

Jirani zetu wa Kenya wana nafuu ya namna nyingine. Mtu alipaye bima ya elimu ya mtoto wake, iliyoandikwa kwa muda usiopungua miaka 10, hupunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya ada aliyolipa, mradi nafuu yote isizidi shilingi 60,000 za Kenya kwa mwaka. Mwalimu alipaye shilingi 4,000 kila mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka, hustahili kupunguziwa 7,200. Asipoiandika nafuu hiyo katika hesabu yake, ambayo hupelekwa kabla ya mwezi wa Juni kwisha, haipati. Lakini mlango haufungwi siku ile: sheria ya mwaka 2015 humpa miaka mitano ya kudai kodi aliyoilipa kupita kiasi. Atakachoulizwa kwanza ni hati ya bima.

Msomaji atasema: Hayo ni ya wenzetu, sheria ya kwetu haina nafuu ya mtoto. Ni kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimpunguzii mtumishi kodi ya mshahara kwa sababu ya watoto wake. Imeweka kiwango kisichotozwa, nacho ni kimoja kwa wote. Mwaka 2020 kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 kufika 270,000 kwa mwezi, na mwaka 2021 kodi ya daraja la chini ikashushwa kutoka asilimia 9 hata 8. Kijana asiyeoa na mama mwenye watoto sita, wakiwa na mshahara ulio sawa, hulipa sawasawa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wa milima ya Uluguru walilipa kodi ya nyumba na ya kichwa katika siku za Waingereza. Kodi ile haikumwuliza mtu ana watoto wangapi. Ilimwuliza ana wake wangapi, ili imtoze zaidi. Wakati huohuo sheria ya kodi ya mapato, ambayo karibu wote walioilipa walikuwa Wazungu na Wahindi, ilimpunguzia mlipaji kwa ajili ya mke na watoto. Basi mtoto wa mwenye duka mjini alikuwa na thamani mbele ya kodi, wala mtoto wa mkulima wa Matombo hakuwa nayo.

Je, tuombe basi nafuu ya watoto kama ile ya Marekani? Yatupasa kufikiri kwanza. Kiwango kisichotozwa kina sifa ambayo haifai kudharauliwa: hakina fomu. Tarishi na mlinzi wa usiku hukipata mwezi kwa mwezi bila kuandika neno, maana hesabu hufanywa na mwajiri. Hali kadhalika elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016 hata kidato cha nne, na kufika kidato cha sita mwaka 2022. Mzazi wa Mgeta hakutakiwa kuijazia karatasi ya madai. Bali nafuu ya kudaiwa humfikia kwanza mwenye elimu, kisha mwenye rafiki karani, na mwisho kabisa yule aliyekusudiwa. Kwa hiyo rai yetu ni hii: siku Bunge litakapowafikiria watumishi wenye watoto, nafuu hiyo iingizwe katika hesabu ya mshahara yenyewe, kwa ushahidi wa vyeti vya kuzaliwa vilivyomo katika faili la mtumishi. Isiwe fedha ya kungoja mpaka mtu aisikie habari yake.

Lakini tusikae kulingoja Bunge. Yako yaliyo mikononi mwetu leo.

Kwanza, kila mwanachama aisome hati yake ya mshahara. Mchango wa mtumishi katika Mfuko wa PSSSF ni asilimia 5, nao hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kinachobaki. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 huchangia 40,000. Kodi ya 760,000 zinazobaki ni shilingi 68,000. Ikiwa kodi imehesabiwa juu ya 800,000 zote, atakatwa 78,000. Hizo 10,000 zaonekana kidogo, lakini kwa mwaka ni 120,000, na kwa mzazi hizo ni sare, madaftari na viatu vya watoto.

Pili, aliyekatwa kupita kiasi asinung'unike tu barazani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yampa mlipaji haki ya kuomba arudishiwe alichozidisha, naye aombe mapema kabla ya muda wa sheria kupita. Haki hiyo yasimama juu ya karatasi: hati za mshahara za miezi yote, stakabadhi, na nakala ya barua zilizopelekwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nao hawakuwa na mashine ya chapa.

Tatu, cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hicho mtoto hajulikani katika bima, wala katika mirathi, wala katika nafuu yoyote itakayokuja. Wako mama wa Kinole na Bunduki washukao na ndizi na mboga hata sokoni Morogoro, na watoto wao hawajaandikishwa. Karani ajuaye utaratibu wa RITA hapungukiwi na kitu akimweleza mama huyo karatasi zitakazohitajiwa, ili asipande na kushuka mlima mara tatu kwa jambo la siku moja.

Neno moja la kuwaonya walio na ndugu ng'ambo. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba hubeba mzigo mkubwa wa malezi. Sheria ya Marekani haiijui desturi hii. Yataka mtoto awe amekaa na mdai zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba ya nchi ile. Mjomba aliyeko huko, hata akimlipia mpwa wake karo hapa Morogoro miaka yote, hawezi kumdaia nafuu hiyo. Anayemshauri amwandike mpwa huyo kuwa akaa naye amshauri kusema uongo kwa maandishi, na adhabu itamfuata mwenye sahihi, si mshauri.

Sisi makarani twajua njia za karatasi, na elimu hiyo tulipewa kwa jasho la wazazi ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kila mwanachama na ampatie mzazi mmoja haki yake kabla ya mkutano wetu ujao, kisha atuletee habari.

Mhariri