Pesa za Mabati Tulipewa, Usingizi Je?

Tumechoka kuambiwa tukubali yaishe, tusonge mbele. Tusonge vipi, ilhali kila uchaguzi ukikaribia watu wanaanza kufunga virago na kupeleka watoto mashambani?

Sisi ndio tuliokimbia makwetu baada ya kura ya Desemba 2007, wa mitaa ya mabati Nairobi na wa mashamba ya Bonde la Ufa. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na waliofurushwa walipita nusu milioni. Waliobahatika walipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga nyumba. Tunalalaje usiku, hakuna aliyeuliza.

Basi sikieni. Tairi likichomwa mtaani, kuna mwenzetu hutapika. Helikopta ikipita, mama huwasukuma watoto mvunguni, kumbe ni mheshimiwa anaenda mazishini. Fundi tuliyemjua kwa upole siku hizi huwacharaza watoto kwa sababu ya sufuria iliyoanguka, kisha hutoka nje kulia. Wengine wamezama kwenye chang'aa, na sisi majirani tukawaita walevi.

Wataalamu wanasema hicho ni kiwewe, ugonjwa wenye dalili zinazojulikana: jinamizi, kushtukashtuka, hasira za ghafla, kukwepa mahali palipotokea maovu. Si kila aliyeona ukatili huugua, lakini ukimpata mtu mara kwa mara, hatari huzidi. Na sisi haukutupata mara moja. Baada ya kura ya 2017 risasi na vitoa machozi vilitufuata hadi majumbani. Juni 2024 tulizika vijana waliouawa kwenye maandamano. Mtoto aliyezaliwa baada ya 2008 naye ana yake ya kuota.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu unatibika, kwa vikao na mshauri aliyefunzwa, na kwa wengine dawa. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili liliishauri serikali itangaze ugonjwa wa akili kuwa dharura ya kitaifa. Lakini ukifika kwenye zahanati yetu unapewa panadoli na kuambiwa upunguze mawazo. Mama aliyebakwa anasimulia masaibu yake huku foleni nzima ikimsikiliza. Ukielekezwa hospitali kubwa, nauli ya kwenda na kurudi kila wiki utaitoa wapi?

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Bajeti ya masanduku ya kura haikosi, wala ya ngao na virungu vya polisi. Tunadai na yetu iwemo: mshauri katika kila zahanati, chumba chenye mlango unaofungwa, na walimu waliofunzwa kumtambua mtoto aliyeumia moyoni kabla hawajamwita mtundu. Wagombea watakaokuja kutuomba kura waje na jibu la hayo. Hatutakubali tena kupewa unga na fulana.